Hivi kila kitu kinaweza kuelezwa kwa sitiari? Nakujibu kwa kirefu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi nina tabia moja, kila kitu naeleza kwa mfano. Nimeshaandika maisha ni safari, ndoa ni safari, elimu ni safari, ubongo ni kompyuta, kazi ni vita, na nyingine kibao. Naona hakuna kitu duniani kisichoweza kuelezwa hivi. Sasa rafiki yangu wa karibu amechoka, juzi kaniandikia "acha kuzungukazunguka, nenda moja kwa moja kwenye pointi". Je ni kweli kila kitu kina sitiari yake? Na huyu rafiki nimsikilize au nimpotezee?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijaja kwako nianze na rafiki yako, maana hiyo sentensi yake ni tamu mno, hebu isome tena taratibu. Acha kuzungukazunguka, nenda moja kwa moja kwenye pointi. Sasa we wakati unamwandikia ulikuwa umekaa zako umeshika simu, hujazunguka popote, na pointi yenyewe haiko mahali ambapo mtu anaweza kwenda. Yaani jamaa kakukataza sitiari kwa sitiari, maongezi kayafanya njia, hoja kaifanya kituo, na wewe kakufanya msafiri anayekwepa kufika. Simcheki, maana ndo tunavyoongea wote, na waliowahi kuzipiga vita sitiari kwa nguvu zote waliishia hapohapo alipoishia yeye.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza, kwenye kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651 aliiweka sitiari kwenye orodha ya namna watu wanavyoitumia lugha vibaya, akataka mtu anayefikiri sawasawa aachane nazo, na kitabu hichohicho kinaanza kwa kuichora dola kama jitu la kutengenezwa na binadamu, mamlaka kuu ndo roho yake, mahakimu ndo viungo, zawadi na adhabu ndo mishipa ya fahamu. Mwenzake John Locke mwaka 1690 akasema lugha ya mapambo ni ulaghai mtupu pale watu wanapotafuta ukweli, halafu yeye huyohuyo anatuambia tuichukulie akili ya binadamu mwanzoni kama karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu. Nikisoma hawa mabwana huwa nacheka peke yangu.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: karibu kila kitu ambacho huwezi kukishika wala kukiona kwa macho utakieleza kwa sitiari, utake usitake. Ila "karibu" sio "chote", na kuna tofauti kubwa kati ya sitiari inayokuonyesha kitu na sitiari inayokaa tu hapo imependeza. (Najua kuna watakaosema ukitia neno "kama" inakuwa tashbiha sio sitiari, sawa, kwa mtihani tofauti hiyo ina maana, kwa swali lako haibadilishi kitu.)

Mwaka 1980 Wamarekani wawili, mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson, walikuja na hoja iliyobadilisha mjadala mzima, kwamba sitiari sio urembo wa washairi, ni namna akili inavyofanya kazi kila siku, tunachukua kitu tunachokijua kwa mwili tunakitumia kufikiria kitu tusichokijua kwa mwili. Angalia muda. Tunaupoteza, tunauokoa, tunaubana, tunautumia vibaya, tunamwambia mtu nipe dakika mbili kana kwamba anazo mfukoni. Angalia hoja, tunaijenga, inakosa msingi, inayumba, mwisho mtu anaibomoa. Bei inapanda, joto linapanda, presha inapanda, na hapo hakuna kitu hata kimoja kilichosogea kwenda juu. Kwa nini iwe juu na sio kushoto? Maana mtoto kabla hajajua kuhesabu ameshaona mara nyingi mno kwamba ukimimina maji yanavyozidi ndo kina kinavyopanda, na ukirundika vitu vikizidi rundo linapanda. Wingi na juu vinakuja pamoja machoni pake mpaka vinagandana. Upendo nao unakuja pamoja na joto la kubebwa, ndo maana mtu asiyekujali unasema alinipokea kibaridi, na wala hujampima homa.

Sasa usidhani basi mwili ukishakuwa wa aina moja sitiari nazo zitakuwa zilezile dunia nzima. Muda tena. Wengi wetu tunaona yajayo yako mbele na yaliyopita yako nyuma, tunasema tusonge mbele, yaliyopita tuyaache nyuma. Waaymara wa milima ya Andes kule Amerika Kusini wao kinyume. Utafiti wa Rafael Núñez na Eve Sweetser uliotoka 2006 ulionyesha kwamba kwao yaliyopita ndo yako mbele na yajayo yako mgongoni, na sio kwenye maneno tu, hata mikono, mzee akisimulia mambo ya zamani anaonyesha mbele yake. Ukikaa ukafikiria wana hoja nzuri tu, yaliyopita umeshayaona kwa hiyo yako usoni, yajayo hujayaona kwa hiyo yako kisogoni. Sisi tunatembea, wao wanatazama. Hakuna aliyekosea, kila mmoja kachagua kipande cha mwili cha kuanzia.

Haya, tuje kwenye "kila kitu". Hapa mimi na wewe tunaachana kidogo. Nikisema mlango umefungwa, maji yamechemka, nina wadogo watatu, hiyo ina sitiari gani? Hamna. Na lazima viwepo vitu vya hivyo, kwa sababu sitiari inakopa, na mkopo lazima utoke kwa mwenye nacho. Usingekuwa umewahi kuungua kweli, neno kuungua lisingekusaidia chochote kueleza wivu. Kwa hiyo ule usemi ambao watu wanapenda kuutupia mtandaoni, kwamba kila neno ni sitiari, unapendeza ukiusoma usiku ila hauna miguu. Chini kabisa kuna moto, uzito, njaa, kusukumwa, kuanguka, giza. Hivyo tunavijua bila mfano.

Kuna sehemu moja ambayo iko mpakani kabisa na naipenda sana, ni maumivu. Maumivu ni kitu cha mwili hakuna ubishi, tena hakuna kitu unachokijua kwa karibu zaidi ya jino lako likiuma, lakini jaribu kumweleza mtu mwingine uone. Utasema linauma. Linauma vipi? Hapo ndo unaanza, linakata, linachoma, linavuta, linagonga kama kuna mtu humo ndani. Umeokota visu, moto, kamba na nyundo, vitu ambavyo havijakugusa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Canada alitoa dodoso la kupima maumivu lenye maneno 78 yaliyopangwa kwenye makundi 20, na ukiyapitia mengi ni ya namna hiyo, ya kuchoma, ya kutoboa, ya kubana, ya kutafuna. Na sio ushairi huo, ni kazi. Mgonjwa akisema panawaka moto au napigwa shoti kama ya umeme, daktari anaanza kuwaza labda tatizo liko kwenye neva zenyewe, akisema pananibana kama nimewekewa mzigo kifuani anawaza moyo na anaharakisha. Kwa hiyo mwambie rafiki yako, akienda hospitali halafu akaambiwa eleza maumivu yako, aende moja kwa moja kwenye pointi tuone atasema nini.

Sayansi nayo ukiikuna kidogo tu sitiari zinatoka. Mkondo wa umeme ni mfano mzuri sababu hata jina lenyewe ni la mto. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Dedre Gentner na Donald Gentner waliangalia wanafunzi wanaoufikiria umeme kama maji yanayotiririka kwenye bomba na wale wanaoufikiria kama umati wa watu unaopita kwenye mageti. Wa maji walikuwa wazuri kwenye maswali ya betri, maana betri mbili ukizipanga ni rahisi kuziona kama matangi, juu ya tangi kuna tangi presha inaongezeka, au tangi ubavuni mwa tangi presha haibadiliki. Kwenye vizuia umeme, yaani vifaa vinavyoubana mkondo, vilivyowekwa sambamba, wa umati ndo walifanya vizuri, sababu ukiongeza geti la pili watu wanapita wengi zaidi, unaona kabisa, wakati wa maji anawaza kikwazo kimeongezeka basi maji yatapungua, anakosa swali. Umeme ni uleule, makosa yanafuata sitiari. Hili nakuomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Sitiari haikai nje ya mawazo ikingoja kupamba jibu, inaingia ndani inachagua jibu lipi utaliona na lipi litakupita.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyeeleza jinsi viumbe vinavyobadilika, alikutana na tabu hiyo pia. Alipoita nadharia yake uteuzi asilia mwaka 1859 watu wakamvamia, anateua nani, kwani maumbile yana akili? Kwenye toleo la tatu la 1861 akajitetea kwamba hayo ni maneno ya sitiari tu, mbona wanakemia wanasema elementi fulani inapendelea kuungana na nyingine na hakuna anayewasumbua. Utetezi mzuri ila mpaka leo unakuta mtu anauliza maumbile yalitaka nini yalipompa twiga shingo ndefu. Hayakutaka kitu. Neno la kukopa limekuja na mwenye nalo.

Hapo ndo ubongo wako wa kompyuta unaingia. Kila zama imeueleza ubongo kwa mashine yake mpya, mwanafalsafa Mfaransa Descartes karne ya 17 alizungumzia mabomba na maji yanayosukumwa kama kwenye sanamu za bustani za kifalme, baadaye ikawa nyaya za telegrafu, kisha ubao wa kuunganishia simu, sasa kompyuta. Sio sitiari mbaya, imezaa utafiti mwingi tu. Ila angalia inavyodanganya kwenye kumbukumbu. Kompyuta ukifungua faili mara kumi faili ni lilelile. Binadamu akikumbuka anaunda upya. Watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha watu filamu za magari yanayogongana, wakawauliza yalikuwa na spidi gani, wengine wakaulizwa "yalipogusana", wengine "yalipobamizana". Kitenzi kikali kikaleta spidi kubwa zaidi, na filamu ni zilezile. Sasa mtu anayeamini kumbukumbu ni faili anakuwa na uhakika wa ajabu kwenye ugomvi wa ndani ya nyumba, mimi nakumbuka ulisema hivi, na mwenzake naye anakumbuka, na wote wawili hawadanganyi.

Sasa kazi ni vita. Hii nataka tuifungue kabisa mezani, maana wengi mnaipenda, na wewe umeiandika bila hata kuuliza inadai nini. Chukua karatasi. Kwenye vita kuna adui, kwa hiyo kazini kwako adui ni nani, mshindani wa kampuni nyingine au yule wa meza ya pili anayetaka cheo unachokitaka? Kwenye vita siri hazitolewi, kwa hiyo ukijua kitu hutamfundisha mwenzako. Kwenye vita kupumzika ni kuacha lindo, kwa hiyo likizo unaisikia kama dhambi. Kwenye vita aliyeacha ni msaliti, kwa hiyo mtu akipata kazi nyingine pazuri zaidi mnanuna. Na vita vinaisha, kuna anayeshinda watu wanarudi nyumbani, lakini kazi haiishi, Jumatatu inarudi, kwa hiyo umejiandikisha kwenye vita isiyo na siku ya kumalizika. Umeona? Hukusema hata moja kati ya hayo, ulisema maneno matatu tu, mengine yote yameingia yenyewe.

Na kwenye ugonjwa hii ya vita ndo inaumiza zaidi. Susan Sontag, mwandishi wa Marekani aliyekuwa ameugua saratani ya matiti, mwaka 1978 aliandika kwa hasira dhidi ya tabia ya kuifanya saratani vita, kwa sababu ikiwa ni vita basi anayekufa ameshindwa, kana kwamba hakupigana vya kutosha. Mimi naongeza, kuna wagonjwa inawapa nguvu kweli na hao usiwanyang'anye, sitiari ya mtu kuhusu mwili wake ni yake. Ila usimvishe mtu sare ambayo hajaiomba. Halafu kuna jambo lingine, watafiti David Hauser na Norbert Schwarz mwaka 2015 walionyesha kwamba watu wakisoma kuhusu saratani kwa lugha ya vita nia yao ya kujizuia na mambo yanayoongeza hatari inapungua, mfano kupunguza pombe. Inaeleweka, vitani mtu anashambulia, hajizuii.

Lakini nisikutishe kupita kiasi. Kuna utafiti maarufu wa Paul Thibodeau na Lera Boroditsky wa 2011, watu walisoma habari ya uhalifu katika mji, nusu wakaambiwa uhalifu ni mnyama mkali, nusu wakaambiwa ni virusi, na waliosoma mnyama wakataka zaidi polisi na jela, waliosoma virusi wakaegemea zaidi kurekebisha jamii. Unanukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba neno moja linampeleka mtu unakotaka. Ila Gerard Steen na wenzake waliporudia mwaka 2014 hawakuupata mvuto huo. Kwa hiyo mtu akikwambia sitiari ni hipnozi, mkatalie. Inasukuma, na msukumo mwingine ni mdogo sana, hasa mtu akiwa tayari ana msimamo wake.

Turudi kwenye safari zako. Umeandika maisha ni safari, ndoa ni safari, elimu ni safari, na nina uhakika kwenye hizo "nyingine kibao" kuna safari mbili tatu zaidi. Sababu sio uvivu wako. Safari ina mwanzo, njia, vikwazo na mwisho, na jambo lolote linalochukua muda na lina lengo litakubali kuvaa hivyo, ndo maana imeenea. Lakini kitu kinachomkaa kila mtu hakikwambii lolote kuhusu mwili wa mtu yeyote. Ukisema ndoa ni safari, nimejua nini kuhusu ndoa ambacho sikujua kuhusu diploma? Hamna. Sasa ilazimishe kidogo. Kwenye safari abiria wa kituo hiki sio lazima washuke kituo kimoja, ndoa inaruhusu? Kwenye safari kuna dereva, nani? Kwenye safari ukifika unashuka, ndoa inafika wapi ukashuka? Maswali hayo yanakera, na ndo yenye faida, kwa sababu pale sitiari inapokataa kuingia ndo unakutana na ndoa yenyewe, kwamba ni jambo ambalo kuendelea ndo lengo na hakuna kufika. Hiyo sentensi ya mwisho haina mfano hata mmoja ndani yake, au tuseme unao mdogo umelala, na inasema zaidi ya ile ya safari.

Ndo maana nikisahihisha maandishi ya watu huwa natafuta mahali mwandishi alipofika kwenye mpaka wa sitiari yake, akakubali. Asipofika, najua hajaitumia, amekutana nayo tu njiani. Na ukishaianza moja usiibadilishe katikati bila sababu, ubongo ukiwa kompyuta kwenye mstari wa kwanza, shamba kwenye wa pili na bahari kwenye wa tatu, msomaji anabaki na picha tatu na ubongo hana.

Kuna sehemu nyingine sitiari ziweke kando kabisa, maelekezo ya dawa, mkataba, kumwelekeza mtu njia, namba. Na kuomba msamaha, hapa nasisitiza. Mtu anaandika "mawingu yalitanda kati yetu, mashua yetu ikapigwa na mawimbi". Mawingu gani bana, ulimdanganya. Sema nilikudanganya. Sitiari inajua sana kumficha mtenda, inaleta hali ya hewa mahali palipokuwa na mtu, na anayeombwa msamaha anaiona hila hiyo haraka kuliko unavyofikiri.

Kuhusu rafiki yako, msikilize nusu. Hajachoka na sitiari kwa sababu zake anazo tele kama ulivyoona, nahisi amechoka na kuuliza swali la saa ngapi akajibiwa kwa bustani. Akikuuliza kitu chenye jibu, mpe jibu: saa kumi, ndiyo, hapana, sina hela, nitachelewa. Akikuuliza unajisikiaje tangu uachane na yule, hapo hata yeye hatakuwa na haraka, mletee mfano wowote ulio nao, afu mwambie na pale mfano huo unapokosea.